Usukani Mpana Kama Gunia

Mshauri, asalaam aleikum, mimi Mzee Kondo wa Mitole, naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usinichoke. Baiskeli nimeendesha miaka hamsini na mbili, hapa kijijini hakuna wa kunifundisha. Sasa usukani wangu ulikatika, nikaenda kwa fundi Twalib nikamwambia nifungie bomba pana sawasawa na gunia la korosho lililolazwa kwenye keria, maana usukani ukipita kwenye mikorosho na gunia litapita, akasema, "Babu, mabega hayo huna," nikamwambia, "Funga, wewe ulikuwa hujazaliwa." Akafunga. Gunia linapita kweli, lakini nikienda mbali mabega yanawaka na vidole vinakufa ganzi, na mwezi uliopita nampeleka mke wangu Mboni zahanati kwa presha yake, kwenye mteremko nabana breki vidole vikakataa, tukaingia kwenye mihogo ya watu, Mboni akateguka mkono. Watu wakauliza, nikasema mbuzi alikatiza. Hakukuwa na mbuzi, nakwambia wewe tu. Tangu hapo Mboni hapandi, anatembea masaa mawili na presha yake, nikimwita anasema, "Mpakie mbuzi wako." Kwa Twalib sirudi, atanicheka. Nifanyeje?

Shikamoo, Mzee Kondo. Pole, na pole kubwa zaidi ni ya Bi Mboni.

Usukani unashikwa na mabega, gunia halishiki kitu. Ulipima mzigo, hukujipima mwenyewe. Mtu akuwekee kamba mgongoni, kutoka ncha ya bega hili hadi ncha ya lile. Ongeza vidole viwili kila upande kwa sababu unapakia, basi, usizidishe. Na usikate kwanza! Sogeza mipira ya kushikia na mikono ya breki kwa ndani hadi kwenye kipimo hicho, uendeshe wiki nzima bila mtu nyuma. Viwiko vikikunjika kidogo na ganzi ikiisha, Twalib akate ncha zilizobaki. Ndiyo, Twalib huyohuyo. Alikwambia ukakataa, mwache acheke. Ganzi isipoisha, nenda zahanati. Na ukifika kwenye mikorosho, shuka usukume.

Lakini mzee wangu, Bi Mboni alikuwa nyuma yako na ana macho. Kila siku anakuuliza habari za huyo mbuzi. Mjibu leo, kabla hujagusa spana.