Cheti cha Siku Tano

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea kwanza salamu. Hasira zitafuata nyuma. Hujambo wewe, na shemeji, na hao wanangu wanaonikumbuka kuwa ni baba mkubwa pale tu wanapotaka kitu? Macho yako je? Shemeji alinipigia simu akasema miwani ya kuchomelea umemwazima jirani, nawe unachomelea mageti ya watu ukiwa umefumba jicho moja. Kaichukue miwani yako. Jicho halina spea. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo yameamua kustaafu kabla yangu.

Utasikia kwa watu kwamba nimesimamishwa kazi. Ni kweli. Nataka uipate sababu kutoka kwangu, maana wewe una haki nayo kuliko mtu yeyote.

Mwaka huu chuo chetu kilinipa mabwana shamba ishirini na wawili niwafundishe namna ya kuwashawishi wakulima wapande mazao ya kufunika udongo. Nikueleze kidogo, najua chuma ndicho unachokijua. Ardhi iliyo wazi ni kama chuma kisichopakwa rangi: mvua ikiipiga, inaliwa. Ukipanda kunde au fiwi katikati ya mahindi, majani yanatandaa na kuwa ngozi ya ardhi. Matone yanapiga jani, maji yanashuka polepole, udongo unabaki kwako.

Kulieleza hilo si kazi. Kazi ni aibu. Kwa miaka mingi tumewafundisha wakulima kwamba shamba zuri ni lile jeupe, lililofagiwa kama uwanja wa msiba. Sasa tunawaambia waache majani, na majirani wanawaita wavivu. Siku ya tatu niliwapeleka wanafunzi kwa mama mmoja mwenye shamba la mteremko. Mmoja wao, baba wa watoto watatu tuliyempachika jina Kalamu Nne kwa sababu ya mfuko wa shati lake, alimhutubia vizuri sana. Mama akasikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni. Kisha akasema kwamba mabwana shamba walikuja na mbolea akapokea, wakaja na dawa akapokea, leo wamemletea magugu. Akamuuliza Kalamu Nne kama yeye mwenyewe amewahi kuacha shamba lake hivyo wakwe zake wakapita wakaliona. Mama akamwambia akapande kwanza, achekwe kwanza, ndipo arudi, naye atamwekea kiti.

Hapo ndipo penye kozi yangu yote. Tangu mwanzo nilikuwa nimekubaliana na mkuu wa chuo kwamba kila mwanafunzi atapewa kipande cha ardhi kando ya barabara, mahali pa kuchekwa, akihudumie msimu mzima, na cheti apate baada ya mavuno. Lakini siku ya nne mkuu akaingia darasani na tabasamu. Wageni wakubwa wanakuja kesho, akasema, turubai limeshafungwa na vyeti vimeshachapwa. Kilichobaki ni sahihi ya mkufunzi.

Nikakataa. Akaniita ofisini, akafunga mlango. Unajua nilimfundisha mimi mkuu huyu, kwa hiyo alianza kwa upole. Alinibembeleza, mzee wangu hivi, mzee wangu vile, cheti ni karatasi tu, nisimwaibishe mbele ya wageni. Nikamjibu kwamba kama ni karatasi tu, basi awape karatasi tupu. Upole ukaisha. Akasema nimekuwa king'ang'anizi kama kupe, kwamba imebaki kama miezi kumi nistaafu kwa heshima, nichague kushika kalamu au kurudisha funguo. Nikaziweka funguo mezani, na ule wa stoo ya mbegu juu yake.

Sasa ndugu yangu, kama umesimama, kaa.

Miaka thelathini na moja iliyopita mimi nami nilipewa cheti cha siku tano. Shamba la kwanza kulitolea ushauri lilikuwa la baba, lile la mteremko, lililokuwa urithi wako. Baba alikuwa anapanda kunde katikati ya mahindi na mabua anayaacha yalale, kama alivyofundishwa na mama yake. Nilimwambia shamba lake ni aibu kwa mtu mwenye mwana msomi. Akacheka. Nikatoa cheti, nikakiweka mezani mbele yake. Hakujua kusoma, lakini aliutazama ule muhuri kwa muda. Kesho yake aling'oa kunde, akakusanya mabua, akachoma. Shamba likawa safi. Misimu miwili ya mvua ikalishusha lote mtoni, likabaki jiwe.

Unakumbuka ulivyomwambia mbele ya watu kwamba alilala usingizi mpaka shamba likahama. Mimi nilikuwa nimeketi palepale. Baba alinitazama, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakunitaja siku ile, wala siku yoyote. Ukaondoka ukajifunza kuchomelea, na mpaka tunamzika ulikuwa hujazungumza naye. Nilinyamaza, mdogo wangu. Baba hakuwa mvivu. Shamba lako nililimaliza mimi.

Ndiyo maana sikutia sahihi, na hata wakinirudishia funguo zile katika sinia sitatia. Kuna akina baba ishirini na wawili huko nje, na kila mmoja atautazama muhuri.

Ijumaa vyeti viligawiwa hivyohivyo bila sahihi, picha zikapigwa. Jumamosi asubuhi Kalamu Nne alifika kwangu na wenzake wanane, wakiuliza wapi watapata mbegu. Wamelima vipande vyao kando ya barabara. Wapita njia wanawacheka, nao wanaendelea.

Mimi wiki ijayo nitakuwa mteremkoni kwa baba na jembe na debe la kunde, nianze na udongo kidogo uliobaki kati ya mawe. Sikuombi ruhusa, kwa maana ungeninyima na ungekuwa na haki. Ukitaka kunifukuza, njoo unifukuze, lakini utanikuta nimeshapanda.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu wanangu. Na ile miwani, usisahau.

Ni mimi kaka yako,
bwana shamba wa siku tano.