Mluzi wa Don Luis

Rosario, 9 Aprili 1962

Mwanangu Gavriel,

Hujambo? Shangazi yako Genia naye? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua.

Nimempata. Hapa wanamwita Don Luis, anauza asali, na watoto wa mtaa wanamkimbilia. Nilimjua kwa mluzi wake, uleule aliokuwa akipiga katika kambi ya mauaji, wakati wa vita, siku alipowapeleka mama yako na dada yako Hinda upande usiorudi mtu. Sasa nacheza naye sataranji mkahawani. Jana kaniuliza, "Mzee mwenzangu, mbona mkono unatetemeka?" Nikamjibu, "Baridi tu." Akavua shali yake, akanifunika.

Wakili anatafuta shahidi wa pili. Tuvumilie.

Baba yako

Haifa, 2 Mei 1962

Shikamoo baba,

Sisi wazima. Shangazi anauliza kama unakula.

Baba, umekubali shali ya muuaji wa mama? Mahakama gani ya huko itamgusa? Sura ya mama siijui hata kwa picha, lakini jina la huyo mtu nimekua nalo. Kama wewe umeshindwa, mimi nina mikono.

Mwanao, Gavriel

Rosario, 17 Juni 1962

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mbona kimya? Shahidi tumempata, mama mmoja mshonaji wa Montevideo. Hakimu atatusikiliza Agosti.

Genia ameniandikia kwamba umeaga unakwenda kufanya kazi Eilat, lakini bastola yako haipo kabatini. Gavri, nakusihi, usije. Nataka asimame, aulizwe, ajibu mbele za watu.

Baba yako

Rosario, gerezani, 5 Julai 1962

Mwanangu,

Naomba Mungu uwe umefika nyumbani salama. Barua hii anaipitisha Perla, anayeniletea chakula. Isome, uichome.

Polisi wameamini kwamba ni mimi niliyempiga risasi Don Luis. Walinikuta nimeishika bastola uliyoiangusha, nao hawakuuliza zaidi.

Ulipokimbia, alikuwa bado hai. Akaniuliza, "Yule kijana ni nani?" Nikamwambia, "Mwanangu. Nilimficha usimpate. Dada yake ulimpata." Akanitazama kwa mshangao. "Dada yupi?" akasema. Akakata roho.

Jana yule mama wa Montevideo alikuja kuniona. Alivaa gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya mahakama. Akashika nondo, akasema, "Nilikuwa tayari kusema yote. Sasa nimwambie nani?"



Usije kukiri. Mmoja wetu anatosha.

Baba yako