Ratili Hamsini za Orval

Jumamosi, 12 Agosti

Kibali cha kuwinda cha baba mkwe kimefika kwa posta. Orval ameomba miaka kumi na sita, na kila mwaka bahati nasibu inampita. Sasa anacho: elki dume mmoja, kwa upinde, milima ya Sheephorn, kuanzia tarehe mosi Septemba. Elki ni kulungu mwenye uzito wa farasi. Si mnyama wa kujaribia bahati.

Orval ana miaka sabini na mmoja. Bega lake la kulia limeliwa na miaka arobaini ya kupigilia nguzo za uzio. Upinde wake wa roda, wenye magurudumu madogo miishoni, umekaa stoo tangu mwaka juzi. Nikaupima kwa mizani ya kuning'iniza: ratili sitini na mbili za nguvu ya kuuvuta. Hakuweza kuuvuta. Alisema ana mafuta mikononi.

Kuuweka sawa ni kazi yangu. Siku ishirini.

Jumanne, 15 Agosti

Kanuni: badilisha kitu kimoja tu, kisha andika.

Leo nimelegeza boliti za upinde, mizunguko miwili kila upande. Ratili hamsini na sita. Kwa nguvu hiyo mishale imekuwa migumu mno, haipindi vya kutosha. Nilipiga kupitia karatasi iliyowambwa kwenye fremu, hatua tatu. Tundu la duara maana yake mshale umenyooka. Mchaniko maana yake mkia unayumba. Mchaniko kulia, sentimita tatu.

Orval alikuwa kitini na kahawa yake. "Mkwe, nikifa utanipima kwanza ndipo unizike?"

Jumamosi, 19 Agosti

Ratili hamsini na moja. Sheria ya jimbo letu la Wyoming inataka hamsini kwa elki. Hapa nimefika ukingoni, sishuki tena.

Nimefunga vyembe vizito zaidi kwenye ncha za mishale, nikasogeza egemeo la mshale. Tundu safi, na alama tatu za manyoya pembeni. Hatimaye!

Kisha akapiga yeye. Karatasi ikachanika vidole vinne.

Wiki nzima imepotea. Nimeuweka upinde sawa kwa mkono wangu, si wake. Mimi naacha mpini ulale kiganjani. Yeye anaukaba, ili nisione bega linavyomshinda. Kosa la mwanafunzi, na mimi si mwanafunzi.

Alhamisi, 24 Agosti

Kati ya mara kumi, ameuvuta mara tatu. Anauelekeza juu mbinguni, anajipinda kiuno, anashuka nao akihema. Nilimwambia elki angekuwa ameshavuka mpaka wa jimbo. Akacheka. Halafu akaacha kucheka na kuingia ndani.

Janelle alinisikiliza huku akimenya viazi. Ni mke wangu, lakini kwanza ni binti yake. Daktari alishamwambia baba yake kuhusu upasuaji wa bega, naye Orval akasema baada ya Septemba. "Usimkataze wewe," aliniambia. "Atakuchukia. Acha upinde wenyewe umkatalie."

Jumapili, 27 Agosti

Boliti zimezungushwa. Ratili arobaini na tano.

Orval hakuficha kuwa ni yeye. "Leo nimeuvuta mara ishirini, mkwe. Ishirini. Nenda kaandike hiyo kwenye daftari lako."

Nikamtajia sheria. Akasema askari wa wanyamapori hatembei na mizani msituni. Nikasema simwogopi askari, naogopa mfupa. Mshale dhaifu ukikutana na mfupa, mnyama anaondoka nao na kufa polepole kwa siku tatu.

"Nitampiga nyuma ya bega. Si kwenye bega."

Wote husema hivyo.

Jumatatu, 28 Agosti

Nilikwenda stoo kuzirudisha boliti. Spana ilikuwa mkononi. Kwanza nikataka kuona tu mshale unaendaje, nikapiga mmoja. Karatasi ilipasuka kama shati kuukuu.

Siwezi kuvumilia upinde katika hali ile. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikasogeza egemeo upana wa ukucha. Nikabadilisha vyembe. Nikamwita Orval apige mwenyewe, karatasi baada ya karatasi. Kufikia saa kumi jioni tundu lilikuwa safi — mikononi mwake. Yadi ishirini, mishale mitatu ndani ya kifuniko cha kopo la kahawa.

Akanikumbatia. Miaka kumi na miwili ya kuwa mkwe wake, mara ya kwanza.

Boliti hazikurudi. Spana niliitundika ukutani.

Alhamisi, 31 Agosti

Janelle amepika maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini. Orval amekula sahani mbili. Janelle akaniuliza mezani ni ratili ngapi. Nikasema zinatosha. Orval aliangalia sahani yake.

Ijumaa, 1 Septemba. Kijitoni, penseli.

Nitaandika kwa utaratibu. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Saa moja Orval alikaa nyuma ya msonobari, mimi hatua hamsini nyuma yake. Mwitaji ni mimi. Ningenyamaza, asingekuja mnyama yeyote. Niliita kwa sauti ya jike. Dume akajibu ng'ambo ya kijito, akaja akivunja matawi.

Orval aliuvuta vizuri. Mshale ulikwenda pale alipolenga, haukuyumba hata kidogo. Lakini mshale ukiwa hewani, dume akapiga hatua moja. Sauti ilikuwa ya shoka kwenye gogo kavu. Mfupa wa bega. Mshale umeingia shubiri moja, labda pungufu.

Amevuka kijito na kusimama kwenye miti myeupe upande wa pili. Kwa darubini naona mshale unapanda na kushuka kila anapopumua. Halali chini. Haondoki.

Nilikuwa nimeshamfikia Orval alipojaribu mshale wa pili. Kitu kikachanika begani mwake, nikakisikia. Mkono ameupachika kwenye mkanda. Simu haishiki mtandao hapa.

"Nenda wewe," amesema. "Kwako upinde huu ni wa mtoto."

Nimemkumbusha kibali ni chake. Mimi nikipiga, ni ujangili.

"Na hii ni nini?" Ananyoosha kidevu kule ng'ambo. "Umeandika kila kitu siku ishirini. Hili hukuandika?"

Nimeinua tena darubini.

"Mkwe. Nakuomba."

Hajawahi kuniomba kitu. Ameuweka upinde magotini pangu, na daftari liko juu yake. Upepo unatoka kwa dume kuja kwetu, hatanusa harufu yetu. Kuna msonobari ulioanguka ambao mtu angeweza kutambaa nyuma yake mpaka yadi thelathini kutoka kwa dume.

Dume amepiga goti moja. Orval ameshika mkono wangu.

Dume amesimama tena.