Sukari ya Noki na Kahawa Yangu

Kivikoski,
Thunder Bay, Ontario.
9 Machi, 2019.

Mpwa wangu mpendwa Kaarina,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako theluji bado imefika madirishani na mimi bado nimejichimbia ndani kama dubu. U hali gani? Kazi ya zahanati inakwendaje, na mgongo wako je, umepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye barafu? Najua baridi ya huko Yellowknife inauma kuliko yetu, kwa hiyo usione haya kuvaa soksi mbili. Mama yako, Mungu amrehemu, alivaa tatu na bado alipendeza.

Sisi huku hatujambo. Sauna inawaka kila Jumamosi na mvuke wake unanitoa taka zote, kuni zinatosha, na jirani yangu Elma Niskanen hajaacha kunisema. Najua utataka habari za paka kabla ya zangu, basi nakwambia mapema: Noki yu hai, anakula vizuri, na hivi ninavyoandika ameilalia bahasha niliyotaka kutilia barua hii.

Nakuandikia kukushukuru, Kaarina. Kwenye simu siwezi. Nikianza kusema jambo la moyoni naishia njiani, nawe unadhani laini imekatika.

Mama yako alipolazwa mara ya mwisho aliniomba kitu kimoja tu, kwamba nimtunze Noki asije akapelekwa kwa watu wasiomjua. Nilimkubalia dada yangu papo hapo. Sikujua kwamba nimekubali pamoja na kisukari. Huyu paka alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe na kukojoa mpaka mchanga wa sanduku lake unageuka tope, nami nikimcheka na kumwita mlevi. Daktari wa wanyama aliposema ana sukari na lazima achomwe sindano ya insulini asubuhi na jioni, nilitaka kukupigia nikwambie kuwa mjomba wako amekata miti maisha yake yote, unesi wa paka hakusomea.

Wewe hukungoja malalamiko yangu. Ulileta kile kimashine cha kupimia sukari ya wanyama kwa posta, ukanipigia na kunifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikio lipashwe joto kwanza. Nichome ukingoni, si kwenye mshipa ule mkubwa. Nyuma ya sikio niweke pamba nisije nikajitoboa kidole mwenyewe. Tone likitoka, nilisogezee kikaratasi cha kupimia, kisha nimpe mgonjwa kipande cha samaki. Na zaidi ya yote, nisimchome insulini kabla ya kumpima. Hilo ulilirudia mpaka nikachoka.

Siku za kwanza damu haikutoka hata chembe, maana masikio yake yalikuwa ya baridi kama shoka lililolala nje. Ndipo nikaijaza mchele ile soksi ya sufu aliyonifumia mama yako, nikawa naipasha moto juu ya jiko na kumkanda nayo. Elma aliingia siku moja akanikuta nimempakata Noki na soksi yangu.

“Reino! Hivi marehemu mkeo uliwahi kumkanda masikio namna hiyo?”

“Mke wangu hakuwa na sukari.”

“Angeipata wapi, masikini, na aliolewa na wewe?”

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku hizi ndiye anayenisaidia kumshika.

Daktari alifurahi kwamba tunapima nyumbani. Kule kliniki Noki hupandwa na woga, na sukari yake hupanda pamoja na woga, kwa hiyo namba za kule haziaminiki sana. Aliniambia kipimo cha dawa atakipanga kwa kufuata namba zangu. Nami nikavimba kichwa. Tangu mwaka uanze namba za jioni zikawa zinapanda, nikampelekea, naye akaongeza dawa kidogo. Noki badala ya kupata nguvu akazidi kudhoofika, akawa analala tu nyuma ya jiko.

Jumamosi ile uliyopiga simu wewe ulisikia sauti tu, basi acha nikusimulie yaliyokuwa jikoni. Nilikuwa nimetoka sauna. Nimejimiminia kahawa, nimebana kibonge cha sukari kwenye meno na kahawa inapita juu yake, kama walivyokunywa baba zetu. Mchovya asali hachovyi mara moja, na kibonge nacho kilikuwa kinafuata kingine. Noki alikuja anayumba, akajigonga kwenye mguu wa meza, akajaribu kuruka kitini akashindwa. Nilimpima: kumi na nane. Nikasema huyu sukari imempanda, nikavuta insulini kwenye sindano. Ndipo simu ikalia.

“Mjomba, mbona unaongea kama umeng'ata kitu?”

“Sukari. Kwani mimi nanywaga kahawa vipi?”

“Umeishika kwa mkono gani?”

“Wangu! Au ulitaka niazime wa Elma?”

“Mjomba, umeshampima Noki?”

“Nimempima, iko juu, namchoma sasa hivi.”

“Weka sindano chini. Weka chini, Mjomba! Kanawe kwa sabuni, mfute na sikio, halafu upime tena.”

Nakiri kwamba nilikasirika. Mtu ametoka sauna, ni safi kuliko kasisi, anaamriwa kunawa na mtoto aliyembeba mgongoni! Lakini sauti yako ilikuwa ile ile ya mama yako akishaacha utani, kwa hiyo nikanawa. Nikalifuta sikio, nikachoma tena. Mashine ikasema mbili na ushee: sukari ilikuwa imeshuka karibu ya kuua, na insulini ingeishusha zaidi.

Wiki zote zile nilikuwa napima kahawa yangu, Kaarina. Vidole vyenye sukari ndivyo vilivyominya sikio, sukari ikachanganyika na tone la damu, na mimi nikamwambia daktari wa wanyama kwamba paka amezidiwa. Unajua mwenyewe ingekuwaje kama ningeisukuma ile sindano. Asubuhi ningekuwa nachimba kaburi kwenye barafu, la kiumbe pekee ambacho dada yangu aliniomba nimtunzie.

Uliponipigia kelele nimpake sukari kwenye fizi, nililidaka bakuli la sukari nikalimwaga zima. Nikaponda vibonge viwili kwenye maji ya vuguvugu, nikampaka kwa kidole. Mwanzo hakujali. Kisha akaanza kulamba, kisha akaning'ata. Sijawahi kufurahia kung'atwa namna ile. Ulisema ulinisikia nikipenga kamasi ukadhani ni mafua. Hayakuwa mafua, mwanangu, nilikuwa nalia.

Usiku ule ule daktari wa zamu alinielekeza la kufanya, na Jumatatu daktari wetu akapunguza dawa sana. Sasa Noki anapata tone dogo tu, na amerudia tabia ya kuniibia mto.

Hayo mengi unayajua. Lililobaki ndilo nililokuficha, na tafadhali kaa kitini unaposoma.

Siku ile ya Jumatatu nilirudi nyumbani na kinyongo na ile mashine. Nilitaka kuijaribu. Nikanawa mikono kwa sabuni kama ulivyonifundisha, nikaikausha, nikajichoma kidole changu mwenyewe. Ishirini na moja. Nikanawa tena, nikachoma kidole kingine, ikarudi pale pale. Nikamwambia Elma mashine ya paka haiwezi kujua mambo ya watu, tena nikacheka. Elma hakucheka. Aliniambia, “Vaa koti,” akaenda kuwasha gari.

Hospitali walinipima kwa mashine ya watu, na jibu lilikuwa karibu na lile la mashine ya Noki. Kijana daktari akaanza kuniuliza. Mzee, unakunywa maji mengi? Unaamka sana kukojoa? Umepungua uzito? Nilicheka peke yangu mpaka akamtazama nesi, maana maswali hayo nilishaulizwa, ila yalikuwa ya paka. Nyani haoni kundule. Miezi yote niliyokuwa namwita Noki mlevi, mtungi wangu mwenyewe ulikuwa unakauka kando ya kitanda.

Kisha akanivua soksi. Kulikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu ambacho sikumwambia mtu, kwa sababu hakikuniuma. Alisema kutouma kwake ndiko kubaya. Ningengoja theluji iyeyuke, tungekuwa tunazungumza habari ya kukata mguu. Sasa kinafunga vizuri, nesi anakisafisha kila wiki, na vidonge nameza bila kubishana. Usinikasirikie kwa kukuficha. Nilitaka kwanza niwe na habari njema ya kuambatanisha.

Basi kila jioni mezani kwangu tunapimwa wawili, kila mmoja na mashine yake. Noki hutangulia, mimi hufuata. Yeye hupewa samaki kwa uvumilivu wake, mimi hupewa kahawa chungu. Bakuli la sukari la mama yako lipo rafuni, nimelifunika, na ni la paka tu siku akiishiwa nguvu.

Msalimie sana mumeo Gordon, na umbusu Saara, umwambie Noki anamngoja kiangazi. Elma anakusalimu pia, anasema umwonee huruma kwa kumwachia wagonjwa wawili wakaidi. Mungu akulinde barabarani na kazini, na mikono yako hiyo aibariki.

Ulituma mashine imwokoe paka wa mama yako, Kaarina. Imemwokoa na kaka yake.

Mimi nikupendaye kwa moyo wote,
Mjomba wako,
Reino Hakala