Tulivyomsahau Baba Kansas

Albuquerque, New Mexico
9 Septemba 2023

Mpendwa kaka Kendall,

Habari za huko Alaska? Wifi yangu Noreen hajambo, na goti lake je? Sisi huku wazima, ila joto ndilo linatuzidi. Baba naye mzima, anakula vizuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu ninayo ya kuungama.

Mpango wetu unaukumbuka. Baba alikataa katakata kuhamia kwangu. Alikubali tu kusafiri nasi wikiendi iliyopita ya Sikukuu ya Wafanyakazi, kutoka Iowa mpaka hapa, ndani ya lile gari-nyumba la shemeji yako Duane. Akipapenda abaki, asipopapenda tumrudishe Ottumwa kwenye makao ya wazee, walikomwekea chumba hadi Jumanne. Kaka, sikutaka aende kule. Nilisafiri roho juu.

Ijumaa ilipita salama. Alilalamikia kitanda cha nyuma, akalalamikia kahawa yangu, kisha akamwambia Duane, "Mkwe, hili gari lako linakwenda kama ng'ombe mwenye mimba." Nilifurahi, maana baba akinyamaza ndiyo hatari.

Jumamosi tukasimama Kansas kujaza mafuta. Niliporudi garini kutoka kulipa, nikasikia redio yake kule nyuma inatangaza besiboli, na pazia limefungwa. Wewe unajua mechi ikiendelea hataki kusemeshwa. Tukaondoka zetu.

Baada ya dakika ishirini hivi nikampelekea mkate wenye nyama. Nafungua pazia, redio inajisemea peke yake, simu yake ipo kitandani, mwenyewe hayupo. Duane akanitazama kwenye kioo.

"Amelala?"

"Duane, geuza gari."

Kugeuza dude lile kwenye barabara kuu si mchezo. Tulikwenda maili kumi na moja zaidi kabla ya kupata njia ya kutokea. Nililia njia nzima, na sioni aibu kukuambia. Mzee wa miaka themanini na sita tumemwacha kama mwavuli. Nikajua basi, nimeshamkosa, anakwenda Ottumwa.

Kumbe alishuka kwa mlango wa pembeni akaenda mgahawa wa jirani kununua pai. Tulimkuta hapohapo, sahani mbele yake. Mhudumu, mama mmoja mwenye maneno mengi, akatupokea mlangoni. "Ndio nyie? Mzee alisema mtarudi kabla hajamaliza kipande cha kwanza. Hicho cha tatu."

Baba akatazama saa yake. "Mmekawia saa moja na dakika nane." Akafuta mdomo taratibu. "Mechi imeishaje?"

Hakutusemesha tena siku ile. Jumapili, kwenye kambi tulikoegesha gari tulale, alikwenda kwa majirani waliokuwa wanachoma soseji, akawafundisha kuchoma, wakacheka naye mpaka giza. Kwetu akarudi kimya. Duane aliosha vyombo bila kuambiwa, ujue hali ilikuwaje.

Jumatatu tukafika nyumbani. Jumanne asubuhi baba akachukua simu yake, akapiga Ottumwa mwenyewe. Mimi nilikuwa jikoni, najifanya nafuta meza ambayo nimeshaifuta.

"Hicho chumba mpeni mwingine," akawaambia, akakata.

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, hata baada ya yale tuliyomfanyia? Akanicheka.

"Arlene, kule wangenihesabu asubuhi, mchana na jioni. Anayehesabiwa ni mgeni. Nyinyi mlinisahau kama mtu wa nyumbani."

Nikalia tena, safari hii vizuri. Amechukua chumba kinachotazama mlima, na kahawa sasa anapika mwenyewe, eti yangu inamzeesha.

Duane lakini hataki tena mchezo. Kabla ya kuwasha gari lolote, hata la kwenda sokoni, anaita majina kwanza. Baba anaitika hata akiwa amekaa ubavuni pake.

Nisalimie sana Noreen, na Curtis, na Josie mdogo, umwambie babu anamwekea kofia ya besiboli. Mungu awakinge na baridi inayowajia. Nimemuuliza baba nikuandikie nini kutoka kwake. Kafikiri kidogo, kasema neno moja tu linatosha: "Nipo."

Ni mimi dada yako akupendaye,

Arlene