Nane, Tisa na Kumi za Bwana Gervas

Mikumi,
Jumapili, baada ya misa

Dada Yustina,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, kisha umsomee barua hii polepole, ila ukifika mahali pa baa uruke. Kabla ya yote nataka kujua habari za goti lake. Anatembea mwenyewe mpaka kisimani, au bado anashikilia ukuta? Na kifua chako je? Usiniandikie "sote hatujambo" ukaishia hapo, maana ndivyo ulivyoniandikia baba alipokuwa amelazwa, na tangu siku hiyo nikiona maneno hayo huanza kufikiria nauli ya kuja Kasulu.

Mimi ni mzima. Malaria ilinilaza siku nne ikaniachia. Chumba changu kiko kando ya barabara ya Iringa, malori yanapita mchana kutwa na vumbi lake linaingia hadi kwenye sukari. Gazeti limeniweka hapa niandike habari za hifadhi na za mashamba ya mkonge ya upande wa Kilosa, ambayo sasa yanatafutiwa wanunuzi. Unajua hali ilivyo tangu biashara ilipofunguliwa. Magazeti yamekuwa mengi kama mitumba, na kila mwenye kitu cha kuuza humtafuta mwandishi kabla ya mteja.

Hivyo ndivyo nilivyompata Bwana Gervas. Alikuwa afisa ushirika. Ushirika ulipolala, akajichapishia kadi yenye jina lake na neno "Mkurugenzi", bila kusema anaongoza nini. Alinikuta nikinywa chai, akaketi bila kukaribishwa.

"Mwandishi, leo nimekuletea habari ya ukurasa wa mbele."

"Ya nani?"

"Ya taifa."

Alifungua kitambaa cheusi akatoa kasha la mbao, na ndani yake pakiti ya karata. Dada, nikueleze nilichokiona kama kilivyokuwa. Sijawahi kushika karata nzuri kiasi kile. Mgongoni kulikuwa na majani ya mkonge yaliyosukwa duara, na katikati tembo wawili wamekunjiana mikonga. Wafalme walivaa kofia pana za mabwana shamba. Mabibi wa kopa na uru walishika maua, wa shupaza alishika ufunguo. Kingo zilikuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, karatasi imekuwa ya kahawia, pembe zimelika. Kwenye ree ya shupaza, ile karata ya moja ambayo wachapaji huweka jina lao, kulikuwa na jina la shamba moja la Kimamba na mwaka wa zamani, kabla ya Uhuru.

Bwana Gervas alisema zilichapishwa Ulaya kwa ajili ya klabu ya mabwana wa shamba. Meneja alipoondoka alimwachia mpishi wake, na mpishi huyo ndiye baba yake Gervas. Sasa kuna mgeni, mtu wa mazingaombwe na mkusanyaji wa karata za kale, atakayefika Mikumi Jumamosi. Mgeni anazitaka, lakini anataka na ushahidi. Habari ikitoka gazetini, ushahidi umepatikana.

"Baba yako alizihifadhi tu, au alizitumia?" nilimuuliza.

"Kuzihifadhi? Mwandishi, baba alizicheza! Kila jioni, kambini Kimamba, na wenzake. Miaka thelathini."

"Walicheza mchezo gani?"

"Sasa wewe! Watu wa mkonge wacheze nini? Wahedi wa sitini."

Nilizipanga mezani kwa aina zake, shupaza, kopa, uru, pau, nikazitazama moja moja. Najua wewe umeshacheka. Wewe ndiye uliyenifundisha mchezo huo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoa nane zote, tisa zote na kumi zote, kwa kuwa wahedi wa sitini huchezwa kwa karata arobaini. Unakumbuka pakiti ya baba mdogo? Zile arobaini zilikuwa laini kama noti za sokoni, na zile kumi na mbili zilibaki kwenye kopo, nyeupe, kana kwamba zimenunuliwa jana.

Nane za Bwana Gervas zilikuwa zimelika pembe. Tisa zilikuwa za kahawia. Kumi ya pau ilikuwa na alama ya kidole chenye mafuta.

Nilizikusanya nikamrudishia. Alinisukumia bahasha, nami nikairudisha upande wake wa meza kwa kidole kimoja. Nilimwambia nitaandika nikishajua, akacheka akidhani namwongezea bei.

Mtu anaweza kutunga hadithi peke yake, lakini hawezi kuchapa karata hamsini na mbili bila mashine na mikono inayoijua. Nilijiuliza mikono hiyo iko wapi. Mikumi hakuna. Jumatano nilipanda Landrova ya abiria kwenda Kilosa, nikazungukia wanaochapa vitabu vya risiti na kadi za harusi. Wa tatu alikuwa mama mmoja nyuma ya soko, Bi Rehema, mwenyeji wa Kidete. Alikuwa mchongaji katika kiwanda cha lebo Morogoro. Kiwanda kilipouzwa wakapunguzwa, naye akaondoka na mashine moja kuukuu ya kukanyaga kwa mguu. Mezani pake niliona kibao cha mninga chenye tembo wawili.

"Wewe ni wa kodi?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Hapana, mama. Ni mwandishi wa gazeti."

"Afadhali ungekuwa wa kodi. Huyo hujua anachotaka."

Nilimweleza nilichokiona Mikumi, na habari ya mgeni wa Jumamosi. Hakukana. Alifungua kabati akatoa pakiti nyingine, mpya kabisa, michoro ileile, rangi zake kali, kingo zinang'aa. Aliziachia mkononi mwangu zikateleza kama maji. Alisema huzipaka vanishi mara mbili, kisha poda ya mtoto, ili mchezaji asikwame kuzichanganya na mtu wa mazingaombwe aweze kuficha moja bila kusikika. Alichora kila uso mwenyewe. Ilimchukua masika nzima.

"Hizi ndizo zangu," alisema. "Zile nyingine Gervas aliniambia ni za mchezo wa kuigiza. Akataka zionekane zimechoka. Nikazilowesha kwenye chai ya rangi, nikazisugua pembe kwa majivu. Zote, moja moja."

"Hilo neno zote ndilo kosa." Nikamweleza habari za nane, tisa na kumi.

Alinisikiliza akinitazama kama mtu anayehesabu meno ya mbuzi kabla ya kununua. "Mimi sijui kucheza karata. Kwetu marehemu baba aliziita kazi ya shetani. Mimi nachora tu."

"Na jina lako? Mbona kwenye ree ni la shamba?"

"Gervas alisema jina langu litaharibu sura. Na wewe sasa utaandika nini? Kwamba Bi Rehema mwizi?"

"Nitaandika nani aliyezichapa."

"Nyie mkija huwa mmeshaandika. Mnatafuta tu wa kumbandikia."

Niliondoka nikiwa na mashaka mengi kuliko niliyokuja nayo. Huenda alikuwa hajui, na huenda alijua tangu siku ya kwanza. Chai si kitu mtu huloweshea kazi yake ya masika nzima bila kuuliza maswali mawili. Na barabarani, tukipita kile kijiji kiitwacho Ulaya, nilitambua upumbavu wangu. Kama ni mwongo, basi nimemfundisha jinsi ya kusema uongo ulio bora. Miaka ishirini ya kazi hii, Dada, na bado ulimi wangu hutangulia.

Jumamosi mgeni akafika. Mtu mrefu, mpole, vidole vyake virefu kama vya mpiga kinanda. Pale baa alipokuwa akimngoja Gervas alianza kuwaonyesha watu mazingaombwe: karata inapotea, inatokea ndani ya soda. Dereva mmoja wa lori akapiga kelele, "Huyo asikae upande wa mfuko wangu!" Mhudumu, Asha, akamwambia, "Mfuko wako hata mchawi wa kweli hatoi kitu humo." Watu wakacheka mpaka Gervas alipoingia na kasha lake.

Alisimulia tena habari ya baba yake mpishi, safari hii machozi yakiwa karibu. Mgeni akazigeuza karata, moja akaisogeza karibu na pua. Ndipo Bi Rehema akaingia. Alikuwa ameshuka kwenye lori la mahindi, khanga imejaa vumbi.

"Hizo nimezichapa mimi," alisema.

"Mama huyu simfahamu," alisema Gervas, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.

Bi Rehema hakubishana naye. Aliokota mfalme wa uru, akampinda, akaingiza ukucha ubavuni, akaivuta ile karata kama mtu anayebandua plasta. Ikaachana mara mbili. Kumbe hugandisha karatasi tatu kwa wanga wa muhogo, na ile ya kati, isiyoonekana, hutumia iliyoharibika. Asha akainama akasoma kwa sauti: "...wanayo furaha kukualika katika harusi ya kijana wao mpendwa..." Akasimama. "He! Si harusi ya yule mwalimu wa Kidete? Pilau yake nimeila mimi, mwaka huuhuu, baada ya Pasaka!"

Baa nzima ililipuka. Gervas alitazama mlango.

Mimi nilimtazama mgeni, na hapo ndipo nilipopata habari yenyewe. Hakukasirika wala hakushangaa. Alisema taratibu, kwa Kiingereza, kwamba alijua tangu alipozinusa. Karata za zamani hunuka mikono ya watu, hizi zinanuka chai. Kisha akauliza kama mama anaweza kumtengenezea pakiti kumi na mbili kama hizo, zilizozeeshwa, ila kasoro zirekebishwe.

Gervas akafasiri: "Mama, anasema kazi yako nzuri. Anataka nyingi."

"Mwandishi," aliniita Bi Rehema, "ndivyo alivyosema?"

Nikamfasiria yote, neno kwa neno. Mgeni akanigeukia mimi. Ameambiwa, alisema, kwamba mwandishi alizitazama kabla yake na hakuandika. Niliona kasoro gani?

Nilifunga daftari langu nikalitia mfukoni. Lakini Bi Rehema alikuwa analijua jibu, kwa kuwa nilimpa mwenyewe. Lilikuwa neno la pumzi moja, na kwa neno hilo mashine yake ingekanyagwa mwaka mzima. Gervas alishaelewa kwamba mama anajua kitu. Alimvutia kiti, akamwita "dada yangu", yeye ambaye dakika tano kabla alisema hamfahamu. Nilimtazama Bi Rehema mikono. Alijifuta vumbi usoni kwa upindo wa khanga.

"Mwambie mimi sijui kucheza karata," alisema.

Kisha akatoa chini ya khanga ile pakiti mpya, akaiweka mezani. "Hizi hapa. Anazitaka kama zilivyo, au hazitaki?"

Mgeni alizifungua kama feni, akazikata kwa mkono mmoja, akazimwaga zikajipanga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuona hila usoni pake. Akasema atazichukua. Bi Rehema akaniomba kalamu, akaandika jina lake kwenye ree ya shupaza, herufi kubwa, na mgeni akainamisha kichwa kwa heshima.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wa mgeni. Alipokuwa anazirudisha kwenye kasha niliona kidole gumba chake kikipita juu ya ule wino kabla haujakauka kwenye vanishi. Mara moja, taratibu, kama mtu anayefuta jasho. Nikamweleza Bi Rehema nilipomsindikiza kwenye lori. Alikung'uta khanga, akapanda.

Habari nimeipeleka kwa mhariri, na jina la Bi Rehema limo. Kama ataichapa sijui. Yeye anataka karata ziwe za kale, kwa sababu za kale ndizo zinauza gazeti. Gervas amesambaza neno kwamba nimehongwa na mama huyo. Nane, tisa na kumi zake zote bado anazo, na mjinga mwingine hatakosekana.

Alhamisi nilikuwa na kazi Kilosa, nikapita nyuma ya soko. Niseme ukweli, nilikwenda kupeleleza. Nilitaka kuona kama kuna sufuria ya chai. Nilitazama pembeni, chini ya meza, kwenye kamba za kuanikia. Sikuiona. Bi Rehema alikuwa ameinama dirishani, kibao kipya cha mninga kimebanwa mezani, patasi ndogo mkononi. Alikuwa anachonga ree ya shupaza upya. Jina lake alikuwa analiweka ndani ya umbo la shupaza lenyewe, katikati ya wino, mahali ambapo mtu akilifuta anafuta na karata. Alilichonga kinyume, kama inavyotakiwa, akianzia herufi ya mwisho.

"Bi Rehema, habari za tangu..."

"Usinisemeshe," alisema bila kuinua kichwa. "Nikikosea moja tu, ubao wote umekwenda."

Nikavua kofia nikasimama. Alikuwa amefika kwenye H.

Msalimie shemeji, mumeo, mwambie redio yake nimeshampa fundi wa Morogoro, na fundi huyo simwamini. Baba mdogo mpe shikamoo na umsomee yeye barua yote, hata pa baa. Mjomba Filberti, yule wa mashine ya kusaga, na wifi yako mke wangu akija huko kuwaona, waambie niko salama. Watoto wabusu wote, mkubwa umkumbushe kwamba barua yake ya mwisho ilikuwa na mistari mitatu tu.

Mama akiuliza kama nasali, mwambie leo nimetoka misa. Ni kweli, Dada. Ukitaka uhakika tazama juu ya barua.

Mdogo wako,
Stanslaus