Namchoma kwa Status, Yeye Ananishukuru

Mpendwa Bi Naima, naomba unisaidie, na kama utataka kucheka basi cheka kwanza umalize, maana hata mimi mwenyewe nikijitazama najionea aibu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nauza nyanya hapa Ilula kando ya barabara kuu, shule niliishia la saba, lakini tangu Februari nimegeuka malenga wa WhatsApp, kila asubuhi kabla sijapanga hata sado moja ya nyanya nimeshapandisha status ya kumchoma mtu mmoja tu, rafiki yangu Tumpe, ambaye tulipanga naye nyumba moja miaka tisa kabla mumewe hajahamishiwa Mbalizi.

Kosa lake ni kwamba mwezi huo wa pili mama yangu mzazi alifariki, na Tumpe, ambaye mama alikuwa akimwita mwanangu, hakuja kuzika. Siku ile nilikuwa nimevurugwa, nikaweka status ya picha nyeusi na maneno "Nguzo yangu imeanguka, Mungu nipe nguvu", yeye akajibu "Pole mwaya, Mungu ni mwema", basi, akanyamaza, kana kwamba nimejikwaa kidole! Ndipo nikaingia vitani. Simu zake sipokei. Nikaandika "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", akanirudishia mioyo mitatu. Nikaandika "Asante ya punda ni mateke", akacheka mpaka machozi ya kwenye simu. Nikazidisha ukali, shemeji yangu Kasian akanipigia kuniuliza amenikosea nini, na fundi cherehani akaja mbio kunirudishia kitambaa alichokaa nacho tangu Krismasi, yaani kijiji kizima kimechomeka isipokuwa mlengwa.

Sasa juzi kanitumia sauti, nakuandikia kama alivyosema: "Kamwene, Mama Vitus! Mbona hupokei simu wewe? Eveline wangu anaolewa, kicheni pati ni mwisho wa mwezi, na mzungumzaji ni wewe, sitaki mwingine. Zile status zako nazihifadhi zote, mwenzangu, namsomea mwanangu zimfunze maisha. Ndaga fijo, asante sana! Halafu mama nisalimie sana, mwambie namkumbuka."

Bi Naima, mama ana miezi minne kaburini! Hiyo si kejeli? Moyo mmoja unaniambia nikashike kipaza sauti nimpashe mbele ya wageni wake, moyo mwingine unasema nisiende kabisa, na wa tatu, fedheha tupu, umeshaanza kuchagua nguo ya kuvaa. Nifanyeje?

Mama Vitus, Ilula

Bi Naima anajibu:

Mama Vitus, pole kwa kufiwa na mama. Nimecheka, sikufichi, nimecheka na fundi wako na kitambaa chake, lakini nilipofika kwenye salamu za mama nikaacha.

Soma tena barua yako mwenyewe. Tumpe hakukejeli. Tumpe hajui.

Ulimwambia nguzo imeanguka, hukumwambia mama amefariki. Siku hizi nusu ya watu waliomo kwenye simu yangu nguzo zao zinaanguka kila Jumatatu: huyu kaachwa na mchumba, yule kagombana na wakwe, nasi tunaandika pole tunaendelea kumenya viazi. Msiba hautangazwi kwa fumbo, mama. Msiba mtu anapelekewa, mlangoni au kwa simu, akaambiwa fulani hatunaye. Bila shaka ndugu walipigiwa, ila Tumpe ukamwachia akisie, na alipopiga mwenyewe hukupokea. Najua ulikuwa umechanganyikiwa, na hilo la siku ile nakusamehe. Lakini miezi minne? Hata methali zako kazipenda kwa sababu hana lake moyoni. Waliochomeka ni wenye deni na wewe, na fundi ni mmojawapo.

Sasa nisikilize. Habari za kipaza sauti ziache. Usimwandikie, usimtumie sauti, na kesho asubuhi usipandishe status yoyote, hata ya kheri. Mpigie leo hii. Muulize yuko wapi na yuko na nani, na kama yuko barabarani mwambie utampigia akifika nyumbani. Akishakaa, mwambie kwa maneno ya kawaida: mama alifariki Februari, tukamzika, mimi sikukwambia, halafu nikakukasirikia kwa kutokuja. Za status utamwungamia siku nyingine, na za kicheni pati ataamua yeye kama bado anakutaka.

Atalia sana. Usimwambie ni mambo yaliyopita. Wewe una miezi minne ya kuomboleza, yeye mama anamfia leo, kwa hiyo baki naye kwenye simu mpaka amalize kulia.